Mfuko wa spea wa bodaboda: cha kubeba, cha kuacha nyumbani, na namna ya kukifunga barabarani

Vijana watatu walifika kwangu Busia ndani ya wiki mbili wakisukuma pikipiki, na kila mmoja alikuwa na mfuko wa spea chini ya kiti. Wa kwanza alibeba plagi mpya, hakuwa na spana ya plagi. Wa pili alikuwa na tyubu mpya iliyotobolewa na bisibisi iliyokaa nayo mfuko mmoja. Wa tatu alinunua waya wa klachi wa pikipiki ya aina nyingine, mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Huyo alisukuma zaidi ya saa moja juani, abiria wake akitembea kando na mtoto mgongoni.

Wote walikuwa wametumia fedha na bado wakakwama. Ndiyo maana naandika haya hatua kwa hatua. Nawaandikia wanaoendesha Boxer na pikipiki za kazi zinazofanana nayo: injini ya cc 100 hadi 150, kabureta, tairi za tyubu, breki za shoo. Kama yako ina diski au mfumo wa kielektroniki wa mafuta, sehemu ya mafuta na ya breki hazitakufaa zote, mengine yatakufaa.

## Kinachoingia mfukoni

Kabla ya kununua chochote, kiulize maswali matatu. Kikiharibika, pikipiki itasimama au itakuwa ya hatari? Naweza kukifunga mwenyewe kando ya barabara? Kinaingia chini ya kiti? Kikishindwa swali moja tu, kiache nyumbani.

Vinavyopita ni hivi:

- waya wa klachi mmoja (huu hautakaa mfukoni, tazama Hatua ya 3) na waya wa aksileta mmoja
- plagi moja (injini nyingine zina plagi mbili, hesabu zako) na spana yake
- tyubu moja, viraka, gundi, msasa, na pampu ndogo ya mkono
- vyuma viwili vya kufungulia tairi
- viungo viwili vya cheni vyenye klipi, na kipande kifupi cha cheni ya namba ileile
- fyuzi mbili, balbu moja ya taa kubwa
- nati ya kurekebishia breki ya nyuma, na bolti na nati chache za namba 10 na 12
- spana za bolti hizo na ya ekseli, plaizi, bisibisi bapa na ya nyota
- utepe wa umeme, waya laini wa kufungia, kitambaa, tochi, glavu kuukuu

Tochi watu huisahau. Waya wa klachi haungoji mchana ukatike.

## Hatua ya 1: Andika namba za pikipiki yako

Chukua daftari au simu, ukae chini kando ya pikipiki ikiwa imepoa. Andika aina na mwaka wake, namba ya plagi iliyopo, namba ya tairi la mbele na la nyuma, namba ya cheni, idadi ya meno ya sproketi zote mbili, amp za fyuzi na wati za balbu.

Tairi limeandikwa ubavuni. Boxer nyingi zina 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Cheni imeandikwa kwenye viungo vyenyewe, na kwa pikipiki nyingi za kazi utakuta 428. Usiandike unachokumbuka, andika unachokiona, maana mwenye pikipiki aliyekutangulia huenda alibadilisha kitu.

Umefaulu ukiweza kumtuma mtu dukani kwa simu, bila yeye kuiona pikipiki, naye akarudi na kitu sahihi.

## Hatua ya 2: Nunua ukiwa na kile cha zamani mkononi

Hata ukienda soko la Kisekka kule Kampala, ambako spea zimepangwa hadi mlangoni, jina pekee halitoshi. Pakiti mbili zenye picha moja zinaweza kuwa na vitu viwili tofauti ndani.

Waya uulaze sambamba na wa zamani. Linganisha urefu wa ganda, kisha urefu wa waya wa ndani unaotokeza pande zote mbili, kisha umbo la vichwa vyake vya risasi. Yule kijana wa tatu alilinganisha rangi.

Plagi ipime urefu wa nyuzi zake dhidi ya ile iliyotoka. Onyo: plagi yenye nyuzi ndefu kuliko inavyotakiwa inaweza kugongwa na pistoni, na hapo umenunua injini. Yenye nyuzi fupi itakusumbua kuwasha na kujaza masizi.

## Hatua ya 3: Tandaza waya wa klachi kabla haujakatika

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Waya wa spea usiukunje mfukoni. Utandaze sambamba na ule unaofanya kazi, katika njia ileile, ncha moja karibu na mkono wa klachi na nyingine karibu na kiungo chake kwenye injini.

Sababu ni mbili. Waya uliokunjwa miezi mingi hupata kona, na kona ndiyo mahali unapoanza kukatika. Pili, kazi ndefu ya kubadilisha klachi ni kupitisha waya nyuma ya taa na chini ya tanki. Ukiwa umekwisha kupita, usiku utakuwa na kazi ya kunasa ncha mbili tu.

1. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, ukiangalia waya wa zamani unavyocheza. Wa spea lazima ucheze hivyohivyo bila kuvutwa wala kubanwa.
2. Dondoshea mafuta mepesi ndani ya ganda, ukishika ncha moja juu, hadi yaanze kuchungulia chini.
3. Paka grisi vichwa vyote viwili, vivishe nailoni, funga kwa utepe. Maji yakiingia, utakuta kutu badala ya spea.
4. Fungia waya wa spea kwenye wa zamani kila baada ya shubiri mbili. Usikaze sana.

Onyo: uweke mbali na bomba la moshi. Na usukani ukigeuzwa, usijinase popote. Usukani uliokwama kwenye kona ni ajali.

Waya hauchoki kimyakimya. Vuta mkono wa klachi hadi mwisho, piga tochi pale kichwa cha risasi kinapokaa. Utaona uzi mmoja umechomoka, mwembamba kama unywele, umejikunja nje. Kesho zitakuwa tatu. Mkono nao unaanza kuwa mzito, na ukiuachia unarudi kwa kusitasita. Usingoje hadi ukatike ukiwa mlimani Kapchorwa na ndizi nyuma.

Ukikatika, legeza nati za kurekebishia juu na chini, toa mabaki, nasa ncha ya injini kwanza, halafu ya mkononi. Rekebisha hadi mkono uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 3 pale unapokutana na kikalio chake. Bila mchezo huo klachi haijifungi yote, inateleza, na sahani zinaungua.

Umefaulu pikipiki ikiwa katika gia ya kwanza, klachi imeshikwa, injini inanguruma, na gurudumu halivuti.

Kama huna spea kabisa, unaweza kuifikisha pikipiki kwa fundi bila klachi. Iwashe ikiwa huru, isukume ishike mwendo, panda, ingiza gia ya kwanza aksileta ikiwa chini. Itaruka kidogo. Kupandisha gia, funga aksileta kabisa kisha kanyaga. Fanya hivyo peke yako, barabara ikiwa wazi. Kamwe usibebe abiria, wala usiingie mjini.

Waya wa aksileta huharibika kwa namna hiyohiyo. Ukikatika na huna mwingine, kaza skrubu ya silensa (mwendo wa injini bila kushikiwa aksileta) kwenye kabureta hadi injini iende kasi kidogo, utambae nayo hadi kwa fundi.

## Hatua ya 4: Tyubu

Tyubu nyingi za saizi hii zimeandikwa 2.75/3.00-17, hivyo moja inatumika mbele na nyuma. Ipake poda, ikunje bila kuibana, iingize ndani ya soksi nene, halafu soksi ndani ya nailoni. Isikae kamwe na spana. Pikipiki ikitetemeka kwenye barabara ya marramu siku nzima, ncha ya bisibisi inasugua mpira mahali pamoja mpaka inapita. Nimeziona tyubu za namna hiyo nyingi, mpya kabisa, zina matundu mawili ya mviringo.

Barabarani:

1. Simamisha pikipiki mahali pagumu na tambarare, nje kabisa ya barabara. Kama huna stendi ya kati, mwenzako aishike.
2. Kabla ya kung'oa gurudumu, tafuta kilichotoboa. Zungusha tairi polepole. Ukikuta mwiba au msumari, weka alama pale kwa udongo.
3. Toa gurudumu, upande mmoja wa tairi, kisha tyubu. Anza kufungulia upande ulio mbali na vali, ukikanyaga tairi upande wa pili lishuke katikati ya rimu. Ukilazimisha bila kufanya hivyo utapinda rimu au kuchana tyubu.
4. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitambaa kikinasa, hapo kuna ncha. Usitumie vidole vitupu. Upande wa Karamoja na Teso mwiba mmoja huvunjikia ndani vipande viwili, na ukiacha kimoja utatoboka tena kabla ya kufika kituo kinachofuata.
5. Tia tyubu pumzi kidogo, iwe ya mviringo tu. Tyubu tupu hujikunja na kubanwa na chuma.
6. Malizia kurudisha tairi upande wa vali, ukisukuma vali juu kidogo ili tyubu isikaliwe. Sehemu ya mwisho irudishe kwa mikono au kisigino. Hapo kwenye sehemu ya mwisho ndipo watu wengi hutoboa tyubu mpya kwa chuma.

Ukitumia kiraka, sugua kwa msasa hadi mpira upoteze mng'ao, paka gundi nyembamba, halafu *ngoja*. Gundi ikiguswa isivute uzi, ndipo ubandike. Kiraka kilichobandikwa kwenye gundi mbichi kinatoka tairi likipata moto barabarani.

Umefaulu vali ikisimama wima. Ikiinama, tyubu imevutwa ndani, na itakatika shingoni. Angalia pia mstari mdogo wa tairi ulio karibu na rimu: uwe na umbali uleule mzunguko mzima.

## Hatua ya 5: Imezimika na haiwaki, usikimbilie plagi

Hapa ndipo spea nyingi hupotea bure. Mtu anabadilisha plagi, haiwaki, anaona plagi mpya ni feki, anainunua nyingine. Fuata mpangilio huu, kila swali linachukua dakika moja.

Mafuta yapo? Geuza koki kwenye akiba. Tikisa tanki.

Tanki linapumua? Kama pikipiki inakwenda kilomita chache, inazimika, ukikaa kidogo inawaka tena, fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia pumzi ikivutwa ndani, kitundu cha mfuniko kimeziba kwa vumbi au tope. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki. Kizibue kwa waya mwembamba.

Mafuta ni safi? Mafuta ya kwenye chupa kando ya njia mara nyingi yana maji na mchanga. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga yanayotoka kwenye kifuniko cha chupa. Maji yanakaa chini kama shanga. Yamwage hadi petroli safi itoke, kisha kaza. Injini iwe imepoa, na asiwepo mvuta sigara karibu.

Cheche ipo? Toa plagi, ivishe kofia yake, egemeza chuma chake kwenye injini mbali na tundu lake, piga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Onyo: shika kofia kwa glavu kavu, na hakikisha petroli uliyomwaga haiko karibu, kwa sababu mvuke hushika moto.

Sasa soma uso wa plagi. Kahawia hafifu, injini iko sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi. Ukibadilisha plagi tu, hii mpya nayo itakuwa nyeusi. Nyeusi yenye oili, pete au mpira wa vali umechoka, na hiyo ni kazi ya fundi. Nyeupe kama chokaa, injini inaungua: mafuta hayatoshi au hewa inaingia mahali fulani.

Kufunga plagi mpya, acha injini ipoe. Kwa pikipiki nyingi za aina hii nafasi ya plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Izungushe kwa vidole hadi ifike mwisho. Ikigoma katikati, irudishe nyuma uanze upya, maana kichwa cha injini ni aluminiamu na nyuzi zake zikiliwa utalipia mashine ya kuchonga. Ikikaa, tumia spana kama nusu mzunguko tu, hadi washa yake (pete ya chuma) ibanike. Usisimamie spana.

Umefaulu ikiwaka kwa kiki moja au mbili na ikikaa silensa bila kushikiwa aksileta.

## Hatua ya 6: Cheni

Cheni ikikatika kwa kasi inaweza kujikunja mbele na kupasua kasha la injini, au ikafunga gurudumu la nyuma ghafla. Kwa hiyo kiungo cha spea ni cha dharura, hakikuruhusu kuendesha cheni iliyokwisha.

Pima ukiwa nyumbani. Nyoosha upande wa chini, pima kutoka pini ya 1 hadi ya 21. Cheni mpya ya 428 inatoa milimita 254. Ikifika 259, ibadilishe. Huna rula? Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi kubwa: ukiona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha.

Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Najua inauma mfukoni. Lakini meno yaliyopinda kama ndoano yatainyosha cheni mpya kwa muda mfupi, na utarudi dukani ukiwa umelipa mara mbili.

Mkazo upime chini, katikati ya sproketi mbili. Kwa pikipiki nyingi za kazi mchezo ni milimita 20 hadi 30 ukiinua na kushusha kwa kidole. Zungusha gurudumu upime sehemu nne tofauti, urekebishe kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi. Onyo: ukikaza sana, abiria wawili wakipanda cheni inakuwa waya wa gitaa, na beringi zinaanza kulia.

Ukifunga kiungo cha klipi, upande wa klipi uliofungwa uelekee cheni inakokwenda gurudumu likizunguka mbele. Ulio wazi ubaki nyuma. Ukigeuza, jiwe au tope linaweza kuibandua. Kisha tazama mistari ya ekseli pande zote mbili: namba sawa kushoto na kulia, la sivyo gurudumu limekaa upande.

Baada ya mvua za Machi hadi Mei, zile zinazogeuza marramu kuwa uji mwekundu, osha cheni jioni, ikaushe, ipake oili upande wa ndani. Tope linalobaki usiku linasaga pini kama msasa.

## Hatua ya 7: Vidogo vinavyosimamisha safari

Nati ya breki ya nyuma hulegea kwa mtetemo na kudondoka. Ikikosekana huna breki ya nyuma, na ni kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Beba moja. Shoo zenyewe zibadilishe nyumbani, mara mshale wa breki unapofika kwenye alama ya mwisho ya ngoma.

Fyuzi ikiungua, weka yenye amp zilezile. Karatasi ya sigara au kipande cha waya kitaifanya taa iwake leo na mfumo mzima wa nyaya uungue kesho. Fyuzi mpya nayo ikiungua papo hapo, acha, kuna waya unagusa chuma.

## Hatua ya 8: Vya kuacha nyumbani

Koili, CDI (kisanduku cha umeme kinachoongoza cheche), stata, sahani za klachi, beringi za magurudumu, pete za pistoni. Baadhi ni ghali, vingine vinahitaji vifaa vya gereji, na vyote vinahitaji kwanza mtu apime ajue tatizo ni nini. Nyumbani weka sanduku lenye shoo za breki, chujio la hewa, lita ya oili ya namba iliyo kwenye kitabu chako, na seti moja ya beringi za nyuma ukiwa unabeba mizigo. Ukifanya kazi mbali na mji, kama ndani ya Karamoja, ongeza koili kwenye sanduku hilo.

## Hatua ya 9: Funga mfuko, kisha ufungue

Vifaa vya chuma vikunje ndani ya kitambaa kimoja. Mipira iwe peke yake. Vidogo, yaani klipi, fyuzi na nati, viwe ndani ya kichupa cha dawa kilichokauka, jina limeandikwa juu. Ukitumia kitu, kirudishe siku hiyohiyo kabla ya kuhesabu mapato.

Halafu chagua Jumapili moja, kaa uani na mfuko huo peke yake. Toa plagi uirudishe. Ng'oa gurudumu la nyuma, toa tyubu, irudishe. Fungua kiungo cha klipi na ukifunge. Kama utainuka hata mara moja kuazima spana kwa jirani, spana hiyo ndiyo inayokosekana mfukoni. Mimi huwapa vijana wangu tochi na kuwaambia warudie saa mbili usiku, taa ya uani ikiwa imezimwa.